Wagomvi Mikononi

Novemba, Wiskonsini. Jalidi juu ya majani makavu,
nami mgongo kwenye mwerezi,
kofia ya rangi ya chungwa imefunika masikio.

Pembe ya kulia ni ya kulungu wa Orrin, marehemu mume wangu.
Ya kushoto aliiangusha Halvor, nduguye,
msimu ule ule, kabla ya kesi ya mpaka,
kabla ya miaka kumi na mmoja ya kupishana dukani bila salamu.

Nazigonga. Kwa!
Kisha nazisokota, panda kwa panda, kra-kra-kra,
nasaga majani kwa kisigino,
maana ugomvi wa kweli haukosi miguu.
Fahali wawili hawakai zizi moja:
huo ndio uongo wangu,
na dume anayeuamini hushuka shingo imemvimba,
aje aone ni nani wanaomgombea jike wake.

Nanyamaza. Nahesabu hadi mia tatu.
Kunguru mmoja. Makamasi.
Nagonga tena, kwa nguvu kuliko inavyofaa,
hadi kidole gumba kinachubuka.

Kijiti kinavunjika bondeni.
Nainua bunduki taratibu, na kati ya misonobari
naona rangi ya chungwa.
Nashusha mtutu. Magoti yananicheza.

Halvor. Kazeeka; mvuke umemgandia ndevuni.
Naye keshashusha wake.
“Nilidhani ni madume wawili.”
“Ni wawili,” namwambia, nikimwonyesha.

Anaitazama ya kushoto muda mrefu.
Kisha anajikalisha kwenye jalidi, akiguna.
“Unaigonga vibaya,” anasema. “Lete.”