Kijiko cha Kopo

Kopo liko juu ya friji, jeusi,
refu kuliko birika, na picha ya mkono
uliovimba kama kiazi kikuu sokoni Kongowea.
Ni la Shaali. Alfajiri hulitia maji na kelele,
akatikisa chupa yake jikoni
kabla ya kwenda kunyanyua vyuma Tononoka,
na nusu ya Sparki hujua tumeamka.

Nilikuwa sina neno nalo.
Mwili wake, pesa zake.

Lakini Idi Mosi shangazi Mwanasiti
alimshika mwanangu mkono,
akauzunguka kwa vidole viwili,
vikakutana, nafasi ikabaki.
"Mwana huyu mbona kakonda? Hamumpi kula?"
Mbele ya watu, sinia la biriani kati,
nami nikameza tonge kama kokoto.

Usiku ule Shaali akasema: nusu kijiko.
Nusu tu, Swabra. Ikiwa inanijenga mimi,
yeye itamdhuru nini?
Lutfi ana miaka mitatu na miezi minne.
Alikunywa, akapata masharubu ya chokoleti,
akakunja mkono atuonyeshe msuli
usiozidi punje ya mbaazi.
Tukacheka. Hilo nalikiri. Nilicheka kuliko wote.

Wiki ya pili hakutaka mbaazi.
Hakutaka mahamri. Uji wa wimbi aliutazama
kama mtu aonyeshwaye deni la mwenziwe.
Alitaka "ya baba", ya kutikiswa,
na tumbo likakaza kama ngoma iliyowambwa.
Akikaa juu ya poti akilia,
nami nimechuchumaa mbele yake,
mikono yake shingoni mwangu,
sote wawili tukisukuma.

Nikalishusha kopo, nikaligeuza.
Maandishi kama safu ya sisimizi,
nikayafuata kwa kidole hadi chini kabisa:
si kwa walio chini ya miaka kumi na minane.
Kumi na minane! Na mwanangu
hawezi hata kusema "friji". Husema "fiji".

Kliniki, Tudor. Namba arubaini na moja.
Sista Kadzo hakunigombeza.
Alimpandisha mzani, akatia nukta kwenye kadi,
akaiunganisha na nukta za nyuma.
"Mstari wapanda. Wembamba si ugonjwa.
Babake alikuwaje utotoni?"
Nikaikumbuka ile picha: Shaali darasa la pili,
kaptura imeshikwa na pini.
"Na huyu ala nini?"
Nikahesabu kwa haya, kama mtu anayetoa sarafu
mbele ya wenye noti:
mayai, kunde, dagaa, maharagwe ya nazi,
maziwa ya mgando, samaki tukijaliwa.
Akaweka kalamu.
"Basi hiyo ndiyo protini, mama.
Dukani wamtafutia nini tena?
Akishiba unga huo, chakula akitie wapi?
Na figo zake bado changa.
Usizitwike mzigo wa mbeba vyuma."

Nilipomweleza Shaali hakujibu.
Alikwenda kukaa barazani na simu yake,
nikadhani amenuna. Asubuhi nikakuta
kopo limehamia chumbani, juu ya kabati,
na kile kijiko cheusi,
kipana kuliko ngumi ya mwanangu,
kimeoshwa, kimelazwa karaini peke yake.

Lutfi amekichukua. Yuko uani sasa
apima nacho mchanga, amlisha paka.
Paka hataki. "Kula," amwambia, "ukue."
Sauti ni yangu kabisa. Naona haya.

Mbaazi zimeiva. Napakua, napuliza.
Atakula vijiko vinne, au viwili na nusu,
vingine vitaanguka kifuani.
Sitahesabu.
Idi ikija, shangazi na aje
na vidole vyake.