Wiki Nzima Nikichagua Maji

Yuditha aliniandikia kutoka Isevya, Tabora:
Ma' mdogo, tunakuja Jumamosi kwa treni,
watoto wanataka kuogelea,
tutafutie pwani nzuri, isiyo na mambo.

Isiyo na mambo!
Nikacheka, nikafunga duka, nikatafuta viatu vya kutembelea.
Miaka hamsini na miwili nimelitazama ziwa hili
kama mtu anavyomtazama jirani: salamu, basi.
Sikuwahi kumuuliza ana vyumba vingapi.

Jumatatu nilianzia Ujiji.
Mchanga laini, sikatai,
lakini matete yamesimama majini mpaka kiunoni,
na penye matete pana konokono,
na penye konokono, alisema tabibu wa zahanati akihesabu kwa vidole,
pana kichocho,
na kichocho hakibishi hodi.

Jumanne, Katonga. Maji yanaonyesha hadi kucha:
niliingia nikazihesabu zangu, kumi, moja ina ufa.
Hatua nne. Ya tano haina chini.
Ziwa letu halina ngazi, lina ukingo.
Nikarudi kinyumenyume
kama mtu anayetoka mbele ya wakwe.

Jumatano, mvua.

Alhamisi nilipanda bodaboda hadi ule ufukwe wa kulipia
nyuma ya kilima, wenye mlinzi na daftari lake.
Pale, jamani, sina la kusema.
Mchanga mweupe, kivuli, samaki wadogo wenye milia
wakinidonoa vifundo vya miguu
kama wanakagua tiketi.
"Mamba je?" nilimuuliza mlinzi.
"Mwaka huu hatujamwona," akasema,
akaandika jina langu.
Mwaka huu!

Ijumaa nikamfuata Mama Bukuru,
afuaye mashuka ya nyumba ya wageni kule Bangwe.
Hakuacha kufua.
"Usiwatazame wanaoingia," akasema.
"Watazame wanaotoka."

Usiku nikachora ramani nyuma ya risiti ya sukari.
Mchagua jembe si mkulima, walisema wa kale;
kuhusu mchagua maji hawakusema kitu,
nikaona nimeachiwa nafasi.

Treni ilitakiwa asubuhi, ikaja saa tisa alasiri.
Yuditha akataka kwanza dagaa, bei ya mwaloni,
kwa hiyo Kibirizi, dakika tano tu, mama, tano.
Nikageuka kulipia ndoo moja.
Nilipogeuka tena sikuwa na mtoto.

Walikuwa kati ya boti mbili,
penye kamba, penye madumu ya mawese,
penye mafuta ya injini yaliyotandaza upinde wa mvua juu ya maji.
Kalunde alikuwa ameshapanda omo la boti na kuruka.
Mihambo, aliyejua maji ya ndoo tu,
maji yajayo Isevya kwa ratiba na kuondoka bila kuaga,
alikuwa amelala chali juu ya tairi la mtu.
Watoto wa pale wanawaita kwa Kiha wasichokijua,
nao wanaitika.
Shija, miaka mitano, amesimama penye kina cha kifua chake
akinipungia mkono kama abiria.

Nikaingia kuwatoa.
Na kitenge, na viatu, na chenji ya dagaa mkononi.
Kucha zangu sikuziona hata moja.
Maji yalikuwa vuguvugu, yananuka dizeli,
na Shija akanidandia shingoni
na dakika tano za Yuditha zikawa magharibi.

Jumapili niliwapeleka kwenye ule wa kulipia.
Mlinzi akaandika majina matano.
Watoto wakasimama ukingoni, wasafi, wakimya,
samaki wenye milia wakawakagua.
Kalunde akatazama kulia, akatazama kushoto.
"Bibi," akasema, "wenyewe wako wapi?"

Treni ilipoondoka nao nilipita zahanati.
Tabibu akasema: wiki sita kwanza, ndipo wanywe vidonge.
Nikamwambia niandikie dozi nne.
"Si ulisema watoto watatu?"
Nikaangalia kalenda yake ukutani,
nikajifanya natafuta tarehe.