Kiolezo cha Kizibao

Wananiuliza nilisomea wapi.
Wanangoja nitaje mji, chuo, mwalimu mwenye miwani.
Nami hutaja taa ya mafuta ya maini ya papa
iliyonuka kuliko ilivyomulika,
nyumba ya matope na nyasi kaskazini mwa Aisilandi,
na usiku ulioingia saa tisa mchana.

Baba alisoma. Wanaume walisokota kamba za singa za farasi.
Sisi tulichambua sufu, tukafuma,
soksi jozi moja kila usiku wa Mungu,
na hakuna aliyetukataza kusikiliza:
mikono ilikuwa mali ya nyumba, masikio yalisahauliwa.
Hadithi zilikuwa kuukuu, za miaka mia sita,
za watu waliouana kwa ajili ya nyasi,
kwa ajili ya nyangumi aliyekwama ufukoni,
wakafa bila maneno mengi.
Hapo nilijifunza: mtu akichomwa mkuki,
usimpe hotuba.

Kaka yangu Sturlaugur alipelekwa kwa askofu, akasomee Kilatini.
Mama akamshonea kizibao,
na kiolezo alichokatia kilikuwa ngozi ya ndama,
ukurasa wa kitabu cha kale
uliochongwa shingo na makwapa,
matundu ya sindano pembeni kama tetekuwanga.
Hakuwa mjinga mama yangu.
Ngozi ni ngozi, na baridi ni baridi.
Nilipomwomba nikitunze alisema:
kitunze, Hallbera, ila kisipotee,
Eyvindur naye atakua.

Basi kaka akapata vitabu.
Mimi nikapata kifua cha kitabu, bila kichwa wala mikono.

Kusoma nilifundishwa, ili nimche Mungu.
Kuandika, hapana.
Herufi nilizinakili humo humo kwenye ngozi,
ndiyo maana hadi leo mwandiko wangu
una umri wa miaka mia sita.

Katika mistari iliyobaki palikuwa na mwanamke
anamvusha muuaji mtoni, usiku.
Anampa soksi kavu. Anasema, "Mto umepanda."
Kisha mkasi wa mama unapita,
kwapa la kushoto linameza yaliyofuata,
na ng'ambo ya kwapa watu wengine kabisa
wanagombania nyangumi.
Je, alimjua? Aliyeuawa alikuwa nani wake?
Nilikuwa na miaka kumi na miwili.
Nilikosa usingizi kwa ajili ya soksi zile,
maana nilijua zimekula usiku wa nani.

Nikaanza kuliziba kwapa.
Kwanza kwa ukucha, kwenye utando wa barafu dirishani,
rasimu zikiyeyuka kabla ya uji.
Baadaye kwa unyoya wa kunguru
na wino wa matunda ya kichakani,
niliouchemsha hadi ukang'ang'ania kidole,
pembezoni mwa kalenda ya mwaka uliokwisha.
Kila jioni alisema jambo jingine pale mtoni.
Siku moja alimzamisha.
Siku moja walioana; nikafuta, nikaona haya.

Sturlaugur akarudi kiangazi na Kilatini chake,
akaisoma kalenda akiwa amesimama,
akacheka mahali pasipochekesha,
kisha akanyamaza pale pale nilipotaka anyamaze.
"Nani amekufundisha haya?"
Sikumjibu. Jibu alikuwa amelivaa,
limembana mabegani.

Sasa nina vitabu vinne na mgongo mbovu.
Wakosoaji husema naandika kama wale wa kale.
Ni kweli, walininyonyesha.
Lakini hakuna kati yao aliyeuliza
nani alifuma.

Mwaka jana bwana mmoja wa maktaba kaniandikia:
imepatikana nakala nzima, haina hata tundu.
Nikipenda, atanitumia maneno ya mwanamke yule,
yale yaliyokatwa.
Barua iko chini ya kikapu cha sufu.
Kuna siku naifikia kwa mkono, kisha nachukua sindano.

Na Eyvindur, babu mtu sasa,
ananiuliza kila Jumapili kiolezo kiko wapi:
ana mjukuu, na majira ya baridi hayo yanakuja.