Usiku wa Kupima Uvujaji

Kasha halizidi mkate mweusi wa Daugavpils,
na ndani yake Zane anataka kupitisha mto.

Kadi ya picha imebanana na pampu ubavu kwa ubavu;
kidole hakipiti, bisibisi hupita kwa kuomba radhi.
Bomba la tatu limepasuka konani.
La nne limepinda kama goti la mlevi.

Baba yake, Ilmārs, fundi wa mabomba ya joto
miaka thelathini, asiyejua mchezo hata mmoja,
akavua miwani, akalichukua la tano.
"Usilisukume. Lipashe moto, lisubiri. Litajikunja lenyewe."
Likajikunja.

Wakatandika karatasi za chooni chini ya kila kiungo,
wakawasha pampu peke yake,
maana maji yakimwagika hayazoleki,
na kadi ile ni mshahara wa miezi miwili.

Saa tisa usiku. Theluji dirishani.
Zane amelala, shavu juu ya kibodi isiyo na kompyuta.
Mzee bado kachuchumaa,
anagusa karatasi mojamoja kwa mgongo wa kidole,
kama alivyompima homa utotoni.

Kavu.
Kavu.
Hii ya mwisho
anaigusa tena.