Orodha ya Aulikki

Saa mbili asubuhi, lakini asubuhi kwa jina tu:
kaskazini mwa Ufini, Desemba, kiza kimeegemea dirisha,
na Aulikki Rautio, koti bado mwilini,
anawasha mashine, anangoja.

Chombo chake cha kusimamia hifadhidata
huamka kama karani wa zamani:
kwanza huita majina.

Mishahara. Ipo.
Ghala. Ipo.
Magogo.
Sekunde thelathini.
Haipatikani.
Zamu_za_usiku.
Sekunde thelathini.
Haipatikani.
Mizani_ya_lango. Jaribio_la_Pinja. Kantini.
Kahawa inapoa kabla orodha haijafika mwisho.

Mwaka wa tatu huu tangu kiwanda cha karatasi kifungwe.
Veikko alizifuta mwenyewe, siku yake ya mwisho,
amri moja moja, ndani kabisa ya seva,
kisha akavaa kofia, akaenda kwake kupasua kuni za sauna.
Alizika vizuri, sina neno.
Ila hakupeleka habari za msiba
kwa hiki chombo, nacho hadi leo kinaita,
kinaita,
kama mwenyeji anayepakua chakula
cha mgeni aliyekwisha kusafiri.

Leo Aulikki kasema: basi.

Anabofya Magogo. Yanatokea maneno mawili,
moja juu ya jingine, yanafanana kama pacha:
Futa.
Ondoa kwenye orodha.
La kwanza linaua. La pili linakata jina tu,
halimgusi mtu. Kati yao
pana upana wa ukucha,
na mstari wa juu ya Magogo, kimya, wanalala
wastaafu mia mbili na sita
wanaongojea tarehe kumi na tano.

Mimi niko meza ya pili. Niliacha kuchapa.

Ondoa.
Magogo likatoka. Halikulia, halikuacha pengo;
majina ya chini yalisogea juu
kama foleni ya benki.
Ondoa. Zamu za usiku.
Ondoa. Mizani, iliyopima malori ya misonobari
hadi lile la mwisho, ambalo dereva wake hakuambiwa.

Jaribio la Pinja: hapo mkono ulisita.
Pinja ni bintiye Veikko. Alikuwa darasa la pili,
likizo, hana wa kubaki naye, akapewa kibodi achezee,
akajaza jedwali zima majina ya farasi.
Siku hizi anang'oa watu meno huko Oulu.
"Maiti haulizwi sanda," nilimwambia.
"Wala hapigiwi soga," akanijibu. Ondoa.

Ikabaki Kantini.
Alitaka kuiita mara moja tu, kwa mkono, bila kikomo cha muda.
Simu ikalia: mama yake, habari za viazi na goti.
Dakika nne. Tano.
Aliporudi, dirisha lilikuwa wazi.

*Alhamisi. Supu ya njegere, sahani 31.
Chapati za maji na jamu, 29.*
Ijumaa yake haina kitu.

Haikuwa imekufa. Ilikuwa nzito wa usingizi,
ndani ya mashine kuukuu chini ya ngazi
ambayo hakuna aliyepewa kazi ya kuizima.
Tulishuka na tochi. Vumbi kama blanketi,
taa moja ya kijani, ndogo, inapepesa.
Aulikki akavua glovu, akaweka kiganja juu yake.
"Ina joto," alisema, na hakusema jingine hadi jioni.

Mbele ya jina, palipo na nafasi ya maelezo,
aliandika: *Hai. Iko chini ya ngazi. Mpe muda.*

Asubuhi iliyofuata, kiza kile kile.
Mishahara. Ipo.
Ghala. Ipo.
Kantini.

Hakuna aliyegusa kipanya.