Mahudhurio

Saa tatu asubuhi na bado ni usiku.
Huku Alta jua limefunga kazi tangu Novemba,
nasi, wanachuo ishirini na wawili, tumeketi na soksi,
viatu vikichuruzika theluji koridoni.

Mkufunzi wetu, Risten Márjá, hakuja na slaidi.
Kaja na daftari la mahudhurio, jalada limeliwa na unyevu,
la bweni moja la fiodini, mwaka thelathini na moja,
na tanzi la waya mwembamba
la kunasia kwale wa theluji.
"Kwa Kisami hili ni giella," akasema.
"Na lugha nayo ni giella.
Ukiingia darasani, tazama mkono wako umeshika ipi."
Hakufafanua. Akanywa kahawa yake.

Kazi ya leo: kuita majina.
Si yale ya wino, ya kalamu ya mwalimu,
bali ya penseli, pembeni, ambayo wajukuu
walirudi kuyaandika kwa kuulizana.
Wino unasema Anders, penseli inasema Ánte.
Wino Ragna, penseli Ravdna.
Mimi Torgeir, miaka arobaini na minne,
msimamizi wa kupakia samoni hadi mgongo ulipogoma,
nikasimama, nikaita,
ulimi ukapwaya kinywani kama kiatu cha kuazima.
"Rudia."
Nikarudia.
"Huyo ni mtu mwingine. Rudia."

Mara ya saba hivi nikainamia ukurasa
kukwepa macho ya wenzangu,
na chini kabisa nikaiona saini.
Ile E yenye mkia. Naijua:
imo kwenye Biblia ya nyumbani, kwenye hati ya shamba,
kwenye kadi niliyopewa nikibatizwa.
Babu.
Na juu yake, kwa mkono usiotetemeka:
*Watoto tisa wameacha kusema chao, hata uwanjani.
Nyongeza ya mshahara imepokelewa.*

Wameacha!
Kana kwamba hakuna aliyelipaka titi shubiri.

Nyumbani tumekitunza kidau chake cha wino,
mama hukifuta vumbi kila Jumamosi.
Tuliambiwa: huyu alileta nuru Kaskazini.
Madirisha mapana ya sebuleni, nakumbuka sasa,
yalinunuliwa kiangazi cha mwaka ule.

Nilitaka kulifunga daftari. Nilitaka nilaumiwe,
maana lawama ina mlango wa kutokea.
Risten Márjá akaja ubavuni mwangu, akasoma,
akanyamaza kadiri mtu avaavyo koti.
"Huyu wa nne," kidole kikatua juu ya penseli,
"ni mama yangu. Alinilea kwa Kinorwe cha vitabuni.
Kisami nilikisoma nina miaka thelathini,
kozi ya jioni, kwa kulipia."
Kisha: "Sikukuomba machozi. Nimekuomba jina."

Jumatatu naanza mazoezi, darasa la tatu.
Andalio la somo liko mezani, nusu limefutwa.
*Mwisho wa kipindi mwanafunzi aweze...*
Babu naye alikuwa na lengo,
limeandikwa vizuri, linapimika,
na alilifikia.
Kwenye nafasi ya zana nimeandika tu:
kumuuliza nyanya yake Nilas kama angependa kuja.
Akikataa, nisimsihi.
Kwenye tathmini sijaandika kitu.

Saa sita mchana mbingu inapata rangi ya buluu,
kitambo kidogo, kisha inairudisha.
Natembea kwenda kituo cha basi nikijaribu jina la nne,
lile ambalo v na d na n zinabanana mlangoni,
mvuke ukinitoka kinywani kila silabi.
Bado halijakaa sawa.
Mwanamke mwenye mbwa amegeuka,
akidhani naita mtu.

Naita mtu.