Mkwaruzo

Ilpo aliondoka Kemi mwezi wa kumi na moja
kwenda kuchimba chuma upande wa Uswidi,
akaniachia masanduku manne ya santuri.
"Usizilaze," alisema, "zinapinda."
Hakusema, zisikilize.

Mimi nilikuwa mtu wa kwaya.
Sauti ya pili, kila Alhamisi, kanisa la matofali.
Roki kwangu ilikuwa mabati yanayoburutwa juu ya lami,
na katika roki yote
hao wapenzi wake, Pakkasposti,
Posta ya Jalidi, ukitaka maana,
ndio walionichosha kabisa:
mwimbaji alikohoa katikati ya ubeti
na hakuna aliyeona haja ya kurudia.

Yakakaa chini ya meza ya kushonea hadi Januari.
Januari ya Kemi haina adabu.
Jua linachungulia saa tano, linaona haya, linarudi ndani.
Kiwanda cha karatasi kinapumua kabichi iliyochacha.
Mtu anaanza kuzungumza na birika.

Usiku mmoja nikavuta jalada, lolote tu.
Pembeni, kwa penseli, mwandiko wa Ilpo,
herufi zimeinama kama watu wanaokabili upepo:
*Upande wa pili, wimbo wa tatu.
Sahau gitaa. Fuata besi.*

Nikaifuata.
Mara ya kwanza sikuipata.
Mara ya nne ilikuwepo, chini,
kama maji chini ya barafu ya ghuba:
unapita juu yake miaka na baiskeli yako
ukidhani ni nchi kavu.
Ikifanya kazi ileile niliyoifanya mimi Alhamisi zote,
kubeba wimbo na kutotajwa.
Nilikaa sakafuni na soksi zangu za sufu
mpaka sindano ikabaki kukwangua ukimya.

Basi nikawa msomaji wa majalada.
*Hapa mpiga ngoma amechelewa. Afadhali.*
*Wimbo mbaya. Vumilia hadi mwisho.*
*Nimeinunua siku Marketta aliporudisha pete.*
Miaka tisa tumepakana ukuta,
tumeazimana koleo la theluji na chumvi,
na pete hiyo sikuwahi kuisikia.

Wimbo ule wa tatu una mkwaruzo.
Mwimbaji anasema *nitarudi kwa*, tak,
*kwa*, tak, *kwa*, tak,
hadi nigonge mguu wa meza kwa goti
sindano iruke, tufike kwenye kiitikio.
Sikujua atarudi kwa nani.
Kwa treni? Kwa miguu? Kwa mama yake?
Nilikuwa nalifikiria nikimenya viazi.

Agosti walipiga Oulu, ukumbi wa bandarini.
Nilikwenda kwa basi, miaka hamsini na miwili,
na koti langu la kanisani.
Walikuwa wamenenepa. Besi alivaa miwani ya kusomea.
Walipofika pale, *nitarudi kwa*,
goti langu, lenyewe, bila ruhusa,
likapiga kiti cha mbele.
Mwanamume akageuka, bia imemwagikia suruali.
Nilipokuwa nikimwomba radhi
neno likapita.

Ilpo alirudi Pasaka, ndevu zimeingia mvi.
Nikampikia supu ya samaki, nikamweleza yote,
besi, kikohozi (sasa nakingoja kama mgeni),
goti langu kule Oulu.
Akanisikiliza, kijiko hewani.
"Hao?" akasema. "Nilishawaacha zamani."
Kule mgodini, kumbe, amegeukia tango,
si lile la kachumbari,
la kodiani, la wazee wanaocheza wakiwa wamefumba macho.
Nilikasirika kweli. Niliosha vyombo kwa kelele.

Santuri hakuzichukua.
Asubuhi nikakuta mlangoni sanduku la tano,
juu yake theluji kidogo, na penseli:
*Anza popote.*

Nimelisukuma chini ya meza ya kushonea.
Tutaonana Januari.